Mdogo wangu kiziwi anaoa, wazee wanataka baba mkubwa amwitikie kwenye ndoa. Naomba ushauri

Binti_Ngamiani
Assalaam alaykum wakubwa kwa wadogo. Naandika kutoka Tanga. Mdogo wangu anayenifuata alipoteza usikivu utotoni baada ya kuugua homa ya uti wa mgongo. Alisoma shule ya bweni ya viziwi, leo ni fundi seremala mwenye ofisi yake na vijana anaowafundisha kazi. Mchumba wake naye ni kiziwi, walijuana huko huko shuleni. Posa imekubaliwa, mahari imepangwa, ndoa ni Mfungo Saba inshallah.

Kinachoniumiza ni kikao cha Jumapili. Kikao cha harusi yake mwenyewe, amekaa pembeni ya baba mdogo, watu wanaongea na kucheka, mtu akigongana naye macho anamwinulia dole gumba, basi. Nikianza kumfasiria naambiwa "utamweleza baadaye, tusichelewe". Yakapitishwa mawili. Siku ya kuozwa baba mkubwa awe wakili wake na aitikie yeye, kwa kuwa sheikh atapata taabu. Na rafiki zake viziwi wapangiwe meza za nyuma ukumbini, karibu na mlango, ati watu wasiwakodolee macho wakiongea kwa mikono.

Usiku nilimweleza yote. Akaniuliza jambo moja tu: kaka yetu alipooa, nani alimwitikia?

Niwaendee vipi wazee bila kuwavunjia heshima? Na wenye elimu ya dini, ishara yake inatosha?

Mzee_wa_Pongwe
Mwanangu, usiwahukumu wazee haraka. Kwetu kijana hasemi. Mshenga ndiye apelekaye posa, wazee ndio wanaopokea majibu na kukatiana mahari, mwenyewe yuko nyumbani anasubiri. Mimi niliposewa hivyo hivyo, na sikuona nimedharauliwa. Baba mkubwa kumsemea ni katika kumtunza.

Kiziwi_Temeke
Shikamoo mzee wangu. Mimi ni kiziwi. Kwenye posa uko sahihi kabisa, kila kijana husemewa, na huyu asemewe kama wenzake. Lakini siku ya kuozwa kila kijana hushikana mkono na walii, yaani msimamizi wa bibi harusi, akaitika mwenyewe. Hapo ndipo huyu anapotengwa, na kosa lake halipo.

Dada, nikueleze tunavyoishi. Nikienda hospitali, daktari anamuuliza aliyenisindikiza "anaumwa nini?" na mimi nimekaa mbele yake. Nyumbani wakicheka nikauliza kuna nini, naambiwa "si kitu". Mtu akilelewa na "si kitu" miaka yote, siku ya ndoa yake ndiyo siku ya kuachwa aseme.

Kuhusu ukumbi, meza za nyuma ni sawa na kutualika tusubiri chakula. Sisi tunafuata kwa macho, mtu mmoja akisimama mbele shughuli yote imepotea. Tupeni meza za mbele, upande atakaosimama mkalimani. Meza ziwe za duara tuonane, na yale maua marefu ya katikati yatolewe, yanakata mazungumzo. Mwambieni MC asizime taa maharusi wanapoingia. Gizani kwetu hakuna maongezi, na mkalimani naye haonekani. Watu wakitutazama, watutazame. Watoto watatuiga, na hapo ndipo wanapojifunza.

Ustadh_Makorora
Waalaykum salaam. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu pwani tunayafuata, ishara ya asiyeweza kutamka inasimama mahali pa tamko. Ila pana sharti la kuzingatia: iwe ishara ambayo yeyote aliyepo ataifahamu. Ikiwa ni ya kueleweka na wajuzi wachache tu, inahesabiwa kuwa ni tamko la fumbo, na ndoa haifungwi kwa fumbo. Kwa hiyo mpelekeni kwa sheikh mapema, amwonyeshe atakavyoitika, na mashahidi wawili waione na kuielewa kabla ya siku. Na kama ana sauti na anaweza kutamka neno la kukubali, hata kwa lafudhi nzito, atamke.

Uwakili ni halali, lakini wakili huwekwa na mwenye jambo lake. Mtu mzima mwenye akili timamu hawekewi wakili na kikao bila kuulizwa.

Mkalimani_Moro
Nafanya kazi hii, nichangie kidogo. Tafuteni wakalimani wawili, kwa sababu tunapokezana kila nusu saa au chini ya hapo. Akichoka, mikono inaendelea lakini maneno yanapungua. Mmoja awe mwanamke. Sheikh anapotaka ridhaa ya bibi harusi chumbani, naye aulizwe kwa lugha yake, asiwe wa kutikisiwa kichwa na shangazi. Hili husahaulika sana, watu wanamfikiria bwana harusi tu.

Ulizeni CHAVITA, yaani Chama cha Viziwi Tanzania, wana matawi mikoani. Muulize pia mdogo wako alisoma wapi, kwa sababu alama zinatofautiana kwa shule. Ya Tabora ilianza 1963, ya Buguruni 1974, na wanafunzi wa kila shule wamekua na alama zao. Mkalimani aongee naye kwa simu ya video kabla, wakubaliane alama za majina ya ukoo, maana pale mtatajwa wengi. Malipo yetu yaingie kwenye bajeti pamoja na MC na mpiga picha. Tafadhali wewe usitafsiri. Dada wa bwana harusi ana shughuli zake siku hiyo.

Likoni_Nyumbani
Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu Katiba ya 2010, kifungu cha 120, imeitaja Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Hata hivyo binamu yangu alikaa harusi nzima ya dadake bila mtu kumwambia neno. Kwa harusi iliyofuata sote tulifundishwa naye ishara chache: karibu, hongera, umekula?, unaitwa nani? Shughuli ilikuwa nyingine kabisa. Anzeni na vijana wa kupokea wageni mlangoni.

Mzee_wa_Pongwe
Marahaba kijana wa Temeke. Hilo la kuozwa nalikubali, sikuwa nimelitenga na posa. Sasa Binti, nikupe njia. Usiende kikaoni, hapo baba mkubwa atashindana mbele ya watu. Mpitie shangazi yenu kwanza. Kisha kijana mwenyewe aende kwa baba mkubwa na kanzu yake, wewe ufasiri tu, usiongeze lako. Amwombe awe shahidi wake. Ustadh amesema shahidi aielewe ishara, basi itabidi mzee afundishwe na mwanawe. Atapata cheo, na hatabaki mikono mitupu.

Binti_Ngamiani
Allah awalipe. Tumekwenda leo alasiri. Shangazi alishamlainisha. Baba mkubwa alimtazama mdogo wangu muda mrefu, akaniuliza mimi, "Anataka mwenyewe?" Nikamwambia baba, muulize yeye. Akamuuliza, kwa shida, kwa vidole vyake. Amekubali kuwa shahidi, na Ijumaa tunakwenda kwa sheikh pamoja.

Meza ndiyo bado. Mwenyekiti wa kamati anasema meza za mbele ni za waliochangia.

Kiziwi_Temeke
Rafiki zake hawajachanga?

Binti_Ngamiani
Wamechanga. Nimefungua daftari sasa hivi, wengine wametoa kuliko watu wa ukoo.

Kiziwi_Temeke
Basi kikao kijacho nenda na hilo daftari, na mdogo wako alisome yeye, wewe umpe sauti.