Mbona mchoro wa Kiowa hauna mandhari nyuma yake?

Muulizaji, Kisumu
Hamjambo wenzangu. Ninafundisha sanaa, na katika kalenda kuukuu niliyoinunua Kibuye nimekuta mchoro wa rangi za maji wa Stephen Mopope, Mkiowa (mmoja wa watu wa asili wa Marekani) wa Oklahoma. Mchezaji ngoma ameinua goti, manyoya yametanda mgongoni kama mkia wa tausi, lakini chini ya miguu hamna hata kivuli. Je, huo ni upungufu wa ujuzi?

Jibu, Nakuru
La, mwalimu, ni desturi. Wakiowa walichora watu na farasi kwenye ngozi na mahema, na wale waliofungwa na jeshi la Marekani katika ngome ya Fort Marion, Florida, kuanzia 1875 hadi 1878, wakaendelea kwenye karatasi za daftari za hesabu, aghalabu bila ardhi wala mbingu. Mopope, aliyezaliwa 1898, alifunzwa na wazee wa ukoo wake, akiwemo Silver Horn, kabla Oscar Jacobson, profesa wa sanaa, hajampokea pamoja na wenzake katika Chuo Kikuu cha Oklahoma. Kazi zao zilionyeshwa Prague mwaka 1928.

Jibu, Kakamega
Naongeza kwamba Mopope mwenyewe alicheza ngoma na kupiga filimbi, kwa hiyo goti hilo alilijua mwilini kabla ya kulichora. Tena msimsahau Lois Smoky, mwanamke pekee katika kundi hilo la wachoraji sita, ambaye wengi humruka kwa kuwa aliondoka mapema.

Muulizaji, Kisumu
Nashukuru. Kumbe nilikuwa nimeanza kumkosoa fundi!