Mradi uko nyuma wiki 6, mteja hajui, mkutano ni Jumatatu

mjenzi_mifumo:
Habari zenu wakuu. Naongoza timu ya watu 5, tunamtengenezea mteja mfumo wa stoo na mauzo. Tulikubaliana kukabidhi mwisho wa mwezi huu ila nimekaa chini nikapiga hesabu bila kujidanganya, tuko nyuma kama wiki 6. Kilichotukwamisha ni kuhamisha data za zamani, tulikadiria siku 4 tu, kumbe mnunuzi mmoja kaandikwa kwa majina matatu tofauti, tarehe nyingine imeanza na siku, nyingine imeanza na mwezi, yaani kila faili lina mambo yake. Na kila Ijumaa nimekuwa natuma ripoti "tunaendelea vizuri" maana niliamini kabisa tutafidia. Bosi wangu anasema tuombe wiki 2 kwanza, zikiisha tutaomba zingine. Roho inakataa. Mnafanyaje?

mama_ratiba:
Mdogo wangu, sikiliza roho yako. Ukiomba wiki 2 huku unajua ni 6 unaenda kuvunja ahadi mara tatu badala ya moja, na mtu akishaahirishiwa mara ya pili hata ukimwambia ukweli haamini tena, anaanza kukufuatilia kila siku na muda wa kazi unaishia kujibu simu.

Halafu usisubiri Jumatatu. Mpigie mkurugenzi wao kabla, leo ikiwezekana, baada ya kumwambia bosi wako kwamba unapiga. Mimi niliwahi kutangaza kuchelewa kwenye mkutano, mkubwa wa upande wa mteja akawa anasikia kwa mara ya kwanza pamoja na watu wake wa chini. Aliweka kalamu mezani hakusema neno mpaka mwisho. Kilichomuuma ni kwamba aliulizwa maswali hapo hapo na hakuwa na jibu. Na hizo ripoti za Ijumaa zitaje mwenyewe, sema nilikosea kuandika vile, usingoje wakuumbue.

kona_ya_stoo:
Naongezea, usiende na tarehe mpya peke yake. Waulize tarehe ya zamani walikuwa wanaitegemea kwa kazi gani. "Wadau" tunawataja kama mtu mmoja ila kila mmoja ana lake, wa fedha labda anataka salio la kuanzia ili afunge hesabu, wa stoo anataka kupokea mzigo, mkurugenzi ana wakubwa zake alishawaahidi. Inawezekana kabisa data za miaka ya nyuma hakuna anayezihitaji mwezi huu, zikabaki kwenye mfumo wa zamani za kusoma tu, nyie mkakabidhi stoo kwanza. Na ukitoa tarehe toa mbili, ya karibu na ya mbali, useme ni kitu gani kitawapeleka kwenye ile ya mbali.

fundi_kodi:
Jiandae, kuna mtu atasema ongezeni watu. Fred Brooks aliyesimamia utengenezaji wa OS/360, mfumo endeshi wa kompyuta kubwa za IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba mradi wa programu uliochelewa ukiuongezea watu unazidi kuchelewa, na nimeliona hilo kwa macho yangu. Wageni lazima wafundishwe, na anayewafundisha ni yule yule mnayemtegemea. Piga hesabu, watu 5 wana njia 10 za kuwasiliana wawili wawili, wakiwa 8 zinakuwa 28. Kama lazima msaada uje basi waombe upande wa mteja watoe mtu anayewajua wale wanunuzi kwa majina, huyo akikaa na kijana wako wa data atamaliza kwa siku mbili kinachowachukua nyie wiki.

mjenzi_mifumo:
Nimerudi. Bosi alisita ila akakubali, nikapiga. Mkurugenzi alinyamaza kidogo halafu akauliza "umejua lini?" nikamwambia nilianza kuhisi wiki tatu nyuma. Hakufurahi, alisema wazi. Ila baadaye akasema stoo ndiyo inayomkaba, mauzo yanaweza kusubiri, na watu wa fedha wanataka salio la kuanzia tu kama mlivyosema. Ametupa karani wao wa siku nyingi kuanzia Jumanne. Ripoti ya Ijumaa nimeshabadilisha, "tunaendelea vizuri" nimeifuta nimeweka rekodi ngapi zimesafishwa kati ya ngapi, na zipi zimekwama kwa nani. Mama_ratiba asante sana, ile ya kalamu ndiyo ilinifanya nishike simu.