Mnada wa korosho mtandaoni: fedha za AMCOS zianzie wapi?

Mkulima, Masasi
Ndugu wanajukwaa, tangu msimu wa 2024/2025 korosho zetu zinauzwa kwa mnada wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), nasi wakulima ndio tunaokubali au kukataa bei. Chama chetu cha msingi cha ushirika wa wakulima (AMCOS) kimetenga fedha kidogo za vifaa. Wengi wanapendekeza kompyuta na simu janja, lakini naamini thamani inatupotea mapema zaidi, kabla mzigo haujaondoka kijijini. Ninyi mngeanza na kipi?

Karani wa ghala, Newala
Ningeanza na mizani ya kidijitali inayotoa risiti, pamoja na kipima unyevu. Korosho ambazo hazikuanikwa vizuri hupungua uzito ghalani, na mzigo unapopimwa tena wakati wa kutoka, upungufu huo huwa deni la chama kizima, hata kwa yule aliyeanika zake kwa uangalifu. Kipima unyevu kikiwepo mlangoni, korosho zisizokauka hurudishwa juani siku hiyo hiyo, kabla hazijachanganywa na za wengine. Mnada uwe wa wazi kiasi gani, hauwezi kurudisha kilo zilizokwisha kupotea.

Afisa ugani, Lindi
Nakubaliana na karani, ila mizani haimfikii aliyekwisha kuuza kwa kangomba, yaani kwa walanguzi wanaonunua kwa bei ya chini nje ya mfumo rasmi. Huyo hakukosa taarifa za bei. Alikosa fedha za chakula, za kupalilia na za ada ya mtoto miezi kadhaa kabla ya mavuno, akalazimika kupokea chochote alichopewa. Stakabadhi ya ghala, hati ya mzigo uliohifadhiwa ambayo sheria ya mwaka 2005 inaitambua na ambayo inaweza kuwa dhamana ya mkopo, hutolewa mzigo ukishapokelewa, ilhali shida humkuta mkulima korosho zikiwa bado mtini. Hapo ndipo SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, inapohitajika, nayo haiwezi kukopesha bila kumbukumbu za kuaminika za mauzo ya kila mwanachama.

Mkulima, Masasi
Nawashukuru sana. Kumbe kumbukumbu anazozitaka afisa ugani zinaweza kutokana na mizani hiyo hiyo, iwapo kila upimaji utahifadhiwa kwa jina la mkulima badala ya kuandikwa daftarini. Nitapeleka mkutanoni hoja ya mizani, kipima unyevu na kompyuta moja tu, kwa sharti kwamba Wakala wa Vipimo aihakiki mizani kabla ya minada kuanza Oktoba.