Malengo gani baada ya mkanda wa kijani?

Mkanda wa Kijani:
Wakuu, habari zenu. Huu ni mwaka wangu wa tatu katika karate, na kila lengo ninalojiwekea huishia kwenye rangi ya mkanda. Nikishaupata, ari hunipungua. Nyinyi hupima maendeleo yenu kwa kitu gani?

Mzee wa Tatami:
Ndugu yangu, mkanda hutolewa na mwalimu, kwa hiyo haumo mikononi mwako. Chagua jambo unaloweza kulihesabu mwenyewe. Mimi nilichukua mae geri (teke la mbele) peke yake, mateke 50 kwa kila mguu, mara nne kwa wiki, huku nikijirekodi kwa simu kutoka ubavuni. Video ilinionyesha kwamba kisigino cha mguu wa kusimamia kilinyanyuka kila goti lilipopanda, kosa nililolibeba miaka mingi bila kujua.

Mwanajudo:
Jigoro Kano alianzisha judo mwaka 1882, na mikanda ya rangi nyingi ilikuja miaka mingi baadaye. Watu walijifunza vizuri tu.

Mkanda wa Kijani:
Nashukuru. Nitaanza na teke hilohilo, ingawa naogopa kuiona video.