Nifungeje zana ndani ya pikapu bila kutoboa bodi?

Fundi Nyaya:
Wakuu, naomba ushauri wenu. Mimi ni fundi umeme, natembelea pikapu ya kabini mbili. Gari ni la mwajiri, na sharti ni moja: nisitoboe tundu hata dogo. Nyuma ya kiti changu nabeba kisanduku cha spana, drili mbili, mtungi wa kuzimia moto na roli za nyaya.

Wiki iliyopita mtoto alikatiza barabara nikakanyaga breki kwa nguvu zote. Mtoto yuko salama, namshukuru Mungu. Lakini drili ilipita katikati ya viti ikapasua redio. Ingeruka juu kidogo tu ingenipata kisogoni. Nimejaribu sumaku, zinateleza. Ninyi mnafungaje?

Mzee wa Karakana:
Pole sana, na ashukuriwe Mungu kwa huyo mtoto.

Matundu unayoyatafuta yapo tayari. Inua kikalio cha kiti cha nyuma, utaona bolti zilizoshika bawaba zake kwenye sakafu. Hizo zimetengenezwa kushika kiti chenye watu, zana zako hazizishindi. Kata karatasi ngumu ya boksi kwanza iwe kielelezo, uilaze pale mpaka ikae sawasawa, ndipo uhamishie mchoro kwenye plaiwudi ya milimita 18. Ubao unaushika kwa vipande vya chuma bapa vinavyobanwa chini ya bolti hizohizo.

Hapa wengi wanakosea: ukiongeza chuma chini ya bolti, uzi unaoingia kwenye nati unapungua. Tafuta bolti iliyozidi urefu kwa unene wa kile chuma tu, uzi uleule, na namba ya uimara iliyo kichwani (mfano 8.8 au 10.9) isiwe chini ya ile ya zamani. Bolti za mikanda ya usalama usiziguse kabisa.

Ubao ni wako, utoboe upendavyo. Siku ya kurudisha gari unafungua, unarudisha bolti za kwanza, hakuna alama.

Dereva Mtulivu:
Kuhusu sumaku: kilo zilizoandikwa kwenye pakiti ni za kuivuta moja kwa moja kutoka kwenye chuma. Ukiining'iniza ubavuni inashikilia kwa msuguano tu, na nguvu hiyo ni ndogo mno. Rangi na bati jembamba vinaipunguza zaidi. Yenye ngozi ya mpira haitelezi haraka, lakini mimi naiachia tochi na bisibisi tu. Na kama bodi ni ya alumini, haitashika kabisa.

Kwa vitu vya nyuma kwenye bodi, tumia zile pete za kufungia mizigo na mkanda wa racheti (ule unaokazwa kwa mpini wenye meno), na chini utandike mpira.

Mpenda Hesabu:
Naomba niongeze, maana jambo hili linanigusa. Gari likigonga kwa kilomita 50 kwa saa na likasimama ndani ya nusu mita, kila kilichomo kinasukumwa mbele kwa nguvu karibu mara 20 ya uzito wake. Drili ya kilo 2 inakuwa kama kilo 40. Kisanduku cha kilo 15 kinakuwa kama 300. Kwa hiyo mikanda ya kunasa (velkro) na kamba za mpira ni za kuzuia kelele tu. Kizito kikae chini kabisa, kimeegemea mgongo wa kiti. Na usifunge kitu kwenye kingo za dari, huko mara nyingi kuna mifuko ya hewa.

Fundi Nyaya:
Nimerudi, wakuu. Ubao umekaa. Bolti za kwanza nilizonunua zilikuwa ndefu mno, ziligota kabla ya kubana, nikabadilisha. Kisanduku nimekifunga kwa mikanda miwili ya racheti iliyopitishwa kwenye kulabu zenye nati nyuma ya ubao. Mtungi wa moto nimeuweka ukingoni, naufikia nikifungua mlango tu. Baada ya wiki mbili nilipitisha spana, bolti moja ilikuwa imelegea robo mzunguko, nimeitia washa ya springi.

Zimebaki roli za nyaya. Nafikiri kupitisha bomba la chuma katikati yake na kulifunga ncha zote mbili kwenye ubao. Mzee wa Karakana, bomba la milimita 25 litatosha kwa roli nne?