Yule bwana kauliza mbele ya mteja: "Hii ni picha?"

Mwana wa Tudor (kaanzisha uzi, saa 8:47 mchana)

Jamani, sijala tangu asubuhi na sitakula. Mahamri yamepoa hapa mezani, mbaazi zimeganda, na mikono bado inanitetemeka. Yule bwana. Simtaji, nyote mnamjua, huyo avaaye miwani ya jua ndani ya ofisi na kuwaita watu wazima "kijana". Leo kanivua nguo mbele ya mteja.

Siku 11 nimekesha. Mteja ni hawa wa kutoa mizigo bandarini, wanataka ubao wa malori. Kila lori ni kadi. Unaishika, unaiburuta kutoka "Liko yadi" mpaka "Limeingia Kilindini", unaidondosha, basi. Yule bwana mwenyewe, kwa kinywa chake, ndiye aliyesema tutumie njia iliyomo ndani ya kivinjari, yaani draggable="true", halafu unasubiri matukio yake: dragstart (kitu kimeinuka), dragover (kinapita juu) na drop (kimedondoshwa). Ati ni bure, ipo tayari, nisimpotezee muda. Nikamwambia, mkubwa, njia hiyo ilitoka na Internet Explorer 5 mwaka 1999, watu wote wana kipanya mezani. Kidole si kipanya. Simu nyingine hadi ubonyeze na ushikilie kitambo ndipo kitu kiinuke, nyingine hakiinuki kabisa. Niache nitumie pointerdown, pointermove na pointerup (umegusa, umesogeza, umeachia), maana hizo kipanya, kidole na kalamu kwazo ni mamoja. Jibu lake ninalo kwenye WhatsApp mpaka sasa: "Wanatumia kompyuta hao. Nani anapanga malori kwa simu?"

Haya. Leo asubuhi ofisini kwao, karibu na Moi Avenue. Kiyoyozi, tende, kahawa, wazee watatu wa kampuni na mama mhasibu. Laptopu iko kwenye projekta, nashika kadi, inakwenda kama dau kwenye upepo wa kusi. Wazee wanaitikia kwa vichwa. Mara yule bwana anatoa SIMU YAKE. Anafungua ukurasa ule ule. Anapitisha kidole juu ya kadi kama afutaye vumbi mezani. Ukurasa unapanda, ukurasa unashuka, lori limekaa pale pale yadi. Anawageuzia wazee ile simu, anauliza:

"Hii ni picha?"

Wallahi chumba kizima kilicheka. Mama mhasibu alijifunika mtandio. Kijana wa kahawa alicheka mpaka akamwaga. Naapa hata kiyoyozi kilicheka.

Picha! Usiku wa nne nilikuwa natafuta kwa nini drop haiji. Ukisahau preventDefault, amri ya kukiambia kivinjari kisifuate desturi yake, kwenye dragover, kivinjari kinachukulia kwamba pale hapaangushwi kitu, drop haiamki, na hupewi hata onyo moja jekundu. Usiku wa sita dragleave (kitu kimetoka) inaamka kila kipanya kikipita juu ya maandishi yaliyo ndani ya safu ya ubao, kwa hivyo safu inawaka na kuzima kama matatu yenye disko. Usiku wa nane nataka kujua ni lori gani liko hewani, getData, ya kusoma mzigo wa kadi, inanirudishia patupu, kumbe mzigo haufunguliwi mpaka udondoshwe. Nyusiku hizo zote, yeye kaziita picha.

---

Kahawa Chungu

Pole ndugu yangu. Sasa kula hayo mahamri halafu unijibu. Ulijua kidole si kipanya. Ulimjua yule bwana. Ukaenda kwa mteja bila kujaribu kwenye simu hata moja? Mimi pia ningecheka.

Mwana wa Tudor

Nilimwambia! Ninayo WhatsApp! "Nani anapanga malori kwa simu?" Maneno yake! Halafu yeye ndiye mtu wa kwanza duniani kupanga lori kwa simu!

Fundi wa Kisauni

Yule bwana mimi aliniita "kijana" mbele ya mkwe wangu. Nina watoto wanne. Kwa hivyo niko nawe.

Lakini usidhani hizo pointa ni pepo. Usipoweka touch-action: none, ya kukiambia kivinjari kisiguse kidole, kwenye kadi, ukianza tu kuburuta kivinjari kinakunyang'anya kidole, kinakutumia pointercancel (mguso umekatizwa), na ukurasa unateleza vile vile. Ukiiweka kwenye kadi nzima, mwenye malori mengi hawezi tena kushusha orodha, maana kila agusapo anashika lori. Weka kishikio kidogo pembeni mwa kadi, hapo pekee ndipo pa kushikia. Na pima kidole kimegusa wapi ndani ya kadi. Usipopima, kadi inaruka, pembe yake inakuja chini ya kidole, na yule bwana atauliza kama hiyo ni panzi.

Binti Bondeni

Mimi nimesoma mara mbili natafuta neno moja tu na sijaliona. Kibodi iko wapi? Mwenye mkono unaotetemeka, asiyeweza kushika na kuvuta, ubao wako unampa nini? WCAG 2.2, miongozo ya kufanya tovuti zitumike na watu wote wakiwemo wenye ulemavu, imetoka Oktoba 2023 na kifungu 2.5.7 kinasema wazi, kinachofanywa kwa kuburuta kiwezekane pia kwa kubonyeza tu. Kitufe kimoja cha "Hamisha" kwenye kila kadi. Kimoja! Yule bwana angebonyeza, lori likaingia Kilindini, nawe saa hizi ungekuwa umeshiba.

Yeye hana adabu, sikatai. Lakini kaka yangu, wasioweza kuburuta wako wengi wasio na ubaya wowote, nao pia ungewaletea picha.

Mwana wa Tudor

Dada, kitufe nilikiweka kwenye mchoro wa kwanza. Alikitoa yeye. Ati kinaharibu sura.

Binti Bondeni

Alikitoa???

Basi naondoa niliyosema. Mtu huyo afungiwe stoo.

Ami wa Makadara

Vijana mna raha. Mnalilia kadi. Mimi mteja wangu wa vyumba vya wageni hajanilipa tangu Ramadhani, na kila wiki ataka "kabadiliko kadogo". Juzi kataka picha za vyumba ziburutwe zijipange. Nimempangia. Kisha akaniambia, mbona nikiburuta picha inafunguka peke yake kwenye ukurasa mwingine? Kwa sababu picha na viungo kivinjari huviburuta vyenyewe bila kuombwa, na ukikosa pa kuviangushia navyo huenda vitakavyo! Nimemrekebishia hilo pia. Bure. Hela hakuna.

Kahawa Chungu

Tangu Ramadhani! Ami, mfungie tovuti.

Ami wa Makadara

Mwanangu, ni jirani. Tunasali safu moja.

Fundi wa Kisauni

Hao wa safu moja ndio wabaya zaidi. Mimi mmoja alinilipa nusu kwa pesa, nusu kwa samaki. Changu wa kilo sita, kwenye gunia, juu ya bodaboda, saa saba ya mchana.

Mwana wa Tudor

Jamani turudi. Sikumaliza. Baada ya kucheka, yule bwana alinipiga bega mbele ya wazee, akasema, "Kijana atajifunza." Mimi! Msimbo wote nimeuandika mimi! Yeye hajui hata dragover ni nini!

Binti Bondeni

@Fundi changu wa kilo sita hao ulilipwa kwa kazi gani?

Fundi wa Kisauni

Menyu ya mkahawa. Kurasa tatu.

Binti Bondeni

Mimi kwa kurasa tatu nililipwa viazi karai. Sisemi utani, mama alinifungulia daftari, nile mpaka deni liishe. Na wallahi sijuti, ukwaju wake hauna mfano mji mzima.

Ami wa Makadara

Huyo mama ni wa upande gani? Wa kwangu amehama, sasa wanauza viazi vyenye unga mzito kama saruji. Watu wanaharibu viazi siku hizi.

Kahawa Chungu

Umesema kweli Ami. Unga mwepesi, rangi kidogo, mafuta ya moto. Wakizidisha unga unatafuna ukuta.

Mwana wa Tudor

Kaita picha. Siku 11.

Kahawa Chungu

Tumekusikia ndugu yangu. Weka kishikio, rudisha kitufe, kesho mpelekee tena. Binti, mama anafungua saa ngapi?

Binti Bondeni

Baada ya alasiri. Vikiisha vimeisha, hawekei mtu. Njoo na wewe Tudor, mahamri yaliyoganda si chakula.

Mwana wa Tudor

Ukwaju wake una pilipili?

Binti Bondeni

Unayo.