Mrejesho: Nimetoka cherehani ya miguu, sasa niko kwenye mashine za kiwandani

Asanteni nyote mlionijibu. Niliuliza kama fundi wa madera wa hapa Malindi, aliyezoea cherehani ya miguu, anaweza kujifunza mashine za kiwandani kabla ya kwenda kuomba kazi viwanda vya EPZ (maeneo maalumu ya kutengeneza bidhaa za kuuza nje), Mombasa au Athi River. Anaweza, na nimeshaanza.

Kushona hakukunisumbua, kilichonisumbua ni mwendo. Mashine ya mshono wa kawaida ya kiwandani hufikia mishono kama 5,000 kwa dakika; ukigusa pedali tu, kitambaa kimeshaondoka! Mwalimu aliuondoa uzi kabisa kwenye mashine, tukawa tunashona karatasi zilizochorwa mistari, kona na duara hadi mguu ukatulia. Na yule aliyesema nitafute yenye mota ya servo, Mungu akuzidishie: haivumi muda wote kama ile ya klachi, na kasi unaipunguza utakavyo. Mguu wa kukandamizia kitambaa unauinua kwa goti, mikono haiachi kazi.

Sindano msichanganye. Nyingi za nyumbani shina lake lina ubavu bapa, za kiwandani ni mviringo.

Overloki ya nyuzi tano nimeipenda mno, inakata, inafunga ukingo na kushona kwa mpigo mmoja. Kuitunga nyuzi sasa, lo!

Ila kushona kola tu kutwa, nguo nzima huioni, mie bado sijazoea. Aliyewahi kufanyiwa majaribio ya kuajiriwa, walikuwekea mashine gani? Nataka nijipange.